Je, maji yanayotolewa mgongoni hurudi?

Aliyeuliza iwapo kuchukua mgongoni maji yanayouzunguka ubongo na uti wa mgongo, kwa ajili ya kupima homa ya uti wa mgongo, huuacha ubongo mkavu, jibu ni hapana. Mtu mzima huwa na takriban mililita 150 za maji hayo kwa wakati mmoja, ilhali mwili hutengeneza kama mililita 500 kwa siku, hivyo mililita 10 zilizotolewa hufidiwa ndani ya muda wa saa moja hivi.

Sehemu kubwa ya maji haya hutengenezwa ndani ya vyumba vya ubongo (nafasi zilizo wazi ndani yake). Yanayoyatengeneza ni vishada vya mishipa midogo ya damu vilivyofunikwa kwa seli maalumu ambazo husukuma sodiamu kuingia chumbani, na maji huifuata. Kwa hiyo maji haya si damu iliyochujwa tu, kama wengi wanavyodhani: protini zake ni chache mno, na sukari yake kwa kawaida ni kama theluthi mbili ya ile iliyo katika damu. Kutoka humo hupita kwenye njia nyembamba, huuzunguka ubongo na uti wa mgongo, kisha hurudi katika damu ya vena, yaani mishipa inayorudisha damu moyoni.

Ama maumivu ya kichwa yanayozidi mtu akiketi au kusimama baada ya kipimo, kisababishi chake si kile kiasi kilichochukuliwa, bali ni maji yanayoendelea kuvuja kupitia tundu la sindano. Ubongo, ambao kwa kawaida huelea, hushuka kidogo na kuvuta tando zake zenye hisia.