Ile "bado" wanaimeza

Mhariri, wiki hii mmeuliza: "Mkristo azione vita na majanga ya leo kuwa dalili za siku za mwisho?" Mie nasali kanisa la Anglikana la Mkunazini hapa Unguja, na swali hili halitupi usingizi. Ikizuka vita Mashariki ya Kati tu, simu yangu inajaa sauti za wahubiri. Juzi mwanangu kaniuliza kama kuna haja ya kuendelea na michango ya harusi yake.

Dalili zipo, Yesu mwenyewe kazitaja. Lakini watu huukata mstari katikati. Mathayo 24:6 inataja vita na matetesi ya vita, kisha inamalizia: "lakini ule mwisho bado." Ile "bado" wahubiri wa kwenye simu wanaimeza.

Tena tusisahau tuliposimama. Kipindupindu kiliua maelfu mjini hapa mwaka 1869 na 1870. Aprili 1872 kikaja kimbunga, kikaing'oa mikarafuu ya Unguja (Pemba walisalimika, na hawaachi kutukumbusha). Kama kuna waliokuwa na haki ya kusema dunia imefika ukingoni, ni wale. Juni 1873 soko la watumwa likafungwa kwa mkataba, na Krismasi ya mwaka huo huo likawekwa pale jiwe la msingi la kanisa letu. Edward Steere, aliyelijenga, ndiye pia aliyelifasiri Agano Jipya kwa Kiswahili, pamoja na mstari huo huo.

Umeme ulipokatika kisiwa kizima, kuanzia Desemba 2009 hadi Machi 2010, mhubiri mmoja mgeni alituambia hilo ndilo giza la Ufunuo. Marehemu mume wangu akauliza, "Mbona bara taa zinawaka?"

Tulicheka. Lakini sicheki nikikumbuka Kanungu, Uganda, mwaka 2000, ambako waumini waliokuwa wakingoja mwisho wa dunia waliteketea kanisani, wala Shakahola, Kenya, mwaka 2023, ambako ilifukuliwa zaidi ya miili 400 ya watu waliofundishwa kufunga mpaka wafe ili wakamwone Yesu, watoto wakiwamo. Hata wale wafuasi wa mhubiri William Miller wa Marekani, waliomsubiri Yesu arudi tarehe 22 Oktoba 1844, wengine mazao yao yakiwa hayajavunwa, walirudi nyumbani wakilia, lakini walirudi.

Nina shoga yangu kwenye kwaya, yeye hakubaliani nami. Ananiambia watu wa Nuhu nao walikuwa wakioa na kuolewa, na kwamba Petro alishaonya watakuja wenye kudhihaki. Hapo hunikamata. Kukesha tumeamriwa, na mtu aliyechoka kutishwa huishia kulala kabisa. Mie mwenyewe kuna miaka nilikuwa hivyo.

Basi siku hizi sauti ikiingia nasikiliza kitu kimoja: ametaja tarehe? Akitaja, nafuta, maana siku ile na saa ile hata malaika hawaijui. Asipotaja, namsikiliza. Leo alfajiri shoga yangu kanitumia nyingine. Tarehe haina, ila ina dakika hamsini.

Msomaji, Mkunazini, Unguja