Tuulizane: "Ujerumani kusoma bure", bure ya wapi?

Assalaam aleikum Shangazi. Mie ni binti wa Wete, nimemaliza kidato cha sita, nilichukua PCB na matokeo alhamdulillah si mabaya. Kuna bwana mmoja mjini kamwambia mjomba kuwa Ujerumani chuo kikuu ni bure kabisa, yeye anachotaka ni milioni 4 tu za kushughulikia makaratasi. Mjomba keshakubali, anataka kukodisha mikarafuu ya bibi misimu miwili apate hizo pesa. Bibi hana neno ila mama hana raha, na mie kusema kweli silali. Ni bure kweli? – Binti wa Wete

Waaleikum salaam mwanangu. Kwanza mwambie mjomba mikarafuu aiwache hapo ilipo. Huyo bwana hajasema uongo, kasema nusu, na nusu ndo mbaya zaidi. Vyuo vya serikali kule vingi kweli havitozi ada hata kwa mgeni, isipokuwa jimbo la Baden-Württemberg ambako tangu 2017 mwanafunzi asiyetoka Umoja wa Ulaya analipa euro 1,500 kila muhula, na siku hizi vipo vyuo vyengine vichache navyo vimeanza. Kuna na mchango wa muhula, huo kila mtu analipa, pengine euro mia na kitu pengine mia tatu, inategemea chuo, na mara nyingi ndani yake mna tiketi ya basi na treni. Mpaka hapo rahisi.

Sasa njoo kwenye viza. Ubalozi hawakupi mpaka waone utakula nini mwaka mzima. Njia wanayoitumia wengi inaitwa Sperrkonto, ni akaunti inayofungwa, unaweka pesa yote kabla hujaondoka halafu ukifika unatolewa kidogo kidogo kila mwezi. Tangu Septemba 2024 wanataka euro 11,904, yaani 992 kwa mwezi. Kwa shilingi zetu hizo ni zaidi ya milioni 30!! Muulize huyo bwana hiyo mbona kaimeza. Pesa si ada wala haipotei, ni yako, ndo utakayolipia chumba na bima na mkate, lakini lazima iwepo siku ya viza, na milioni 4 za mikarafuu haziingii hata robo yake na tena zenyewe anazila yeye.

Na hayo makaratasi ndo yepi? Vyuo vingi vinapokea maombi kupitia uni-assist, ofisi ya kule inayokagua vyeti vya wageni kwa niaba ya vyuo, ombi la kwanza euro 75, kila la ziada kwa muhula huo huo euro 30, vyengine unaomba moja kwa moja kwenye mtandao wa chuo hulipi kitu. Muhula wa baridi unaanza Oktoba na mwisho wa kuomba kwa vyuo vingi ni tarehe 15 Julai. Kama unajua kuniandikia mie barua hii basi fomu hizo unaziweza. Mie wakati wangu nilimlipa mtu, ujinga wangu. Kumbe alichofanya ni kujaza fomu, na jina akalikosea, kwenye pasipoti nina h mbili yeye kaweka moja, nikaja kuhangaika wiki tatu nzima kuitafuta hiyo h, simu hapokei.

Jambo jengine ambalo halisemwi: digrii ya kwanza kule nyingi ni kwa Kijerumani. Kujifunza unaweza, Goethe-Institut, kituo cha lugha cha Wajerumani, wapo Dar, ila si lugha ya miezi mitatu. Na cheti chetu cha kidato cha sita usidhani kitapokelewa hivi hivi, kakitizame kwenye Anabin, mtandao wa Wajerumani wa kupima vyeti vya nje, uone wamekiweka daraja gani, wageni wengi huambiwa wapite Studienkolleg kwanza, kama mwaka mmoja wa maandalizi.

Ushauri wangu, na mjomba atanuna: soma digrii ya kwanza hapa hapa, SUZA au Dar, uombe na mkopo bodi yetu ya Zanzibar. Masters ndo uende. Masters za Kiingereza kule ni nyingi, DAAD, shirika la Wajerumani la kubadilishana wanafunzi, wanatoa skolashipu, na kuna Erasmus Mundus, skolashipu ya Umoja wa Ulaya, ambayo mtu anasoma nchi mbili au zaidi, ada juu yao na euro 1,400 kila mwezi mkononi. Hapo barua ya skolashipu ndo inasimama badala ya ile Sperrkonto. Na usidanganywe kuwa ukikwama Ujerumani utageukia jirani, Sweden wameanza kutoza ada watu wa nje ya Ulaya 2011, Finland 2017, Norway nao 2023.

Shangazi, mie nishapata admishen na viza, naondoka mwezi ujao inshaallah. Nataka kujua nikifanya kazi huku nasoma naweza kujilisha na nikatuma na nyumbani? – Kaka wa Mwanakwerekwe

Kujilisha kwa sehemu, ndio. Kutuma nyumbani mwaka wa kwanza, usiahidi mtu. Sheria tangu Machi 2024 inakuruhusu siku 140 kamili kwa mwaka au nusu siku 280, na kima cha chini cha mshahara mwaka 2025 kilikuwa euro 12.82 kwa saa, Januari 2026 kikapanda 13.90. Ukipiga hesabu ukiwa Mwanakwerekwe unajiona tajiri, ila bima ya afya peke yake ni zaidi ya euro mia kwa mwezi. Halafu kuna hili linawakuta wengi: Sperrkonto haifunguki siku unayotua, mpaka ufungue akaunti ya kawaida kule na mara nyingi ukajiandikishe anwani yako kwanza, na mwenye nyumba kule anataka dhamana ya chumba ambayo inaweza kufika kodi ya miezi mitatu. Chukua pesa ya pembeni.

Bi mkubwa wangu Shangazi, mwanangu yupo Leipzig tangu Oktoba, kila nikimpigia kalala, hana hamu ya kula, jirani ananambia kachezewa. – Mama wa Mkoani

Dada yangu, jirani muwache. Mie nimekaa mji huo huo. Disemba jua linatoka saa mbili asubuhi, saa kumi jioni kushakuwa giza, na hilo jua lenyewe siku nyingi hulioni, kuna mawingu ya rangi ya sufuria. Adhuhuri, Alasiri na Magharibi zinafuatana kama daladala za Darajani. Nilikuwa naanika fulana juu ya hita, nakaa hapo hapo chini naitizama, hiyo ndo jioni yangu. Mwambie atoke nje mchana hata nusu saa, na aende kwa daktari, bima anailipia kila mwezi bure bure. Chuoni pia kuna watu wa kuzungumza nao. Chakula cha halali kipo, maduka ya Waturuki yamejaa, na Ramadhani miaka hii inamuangukia siku zikiwa fupi, si kama sie 2016 tuliofunga Juni tukafuturu saa tatu na nusu usiku.

Ukipata mtu anakwenda mpe bizari yako ya pilau. Nyama na maziwa usifunge, hairuhusiwi kuingia. Na simu usimpigie asubuhi, wakati wa baridi wako nyuma yetu saa mbili, ukimpigia saa kumi na mbili baada ya Alfajiri kwake ni saa kumi usiku, lazima umkute kalala. Mpigie saa tatu usiku.