Mama halii tangu baba afariki: nimjibu mwanangu aliyeuliza

Mwanangu, umeuliza kama ushukuru au uogope, maana mama yako ana miaka 68 na hajatoa chozi miezi minne tangu afiwe na mumewe. Mimi nilikuwa kama yeye. Nilifiwa nikiwa na miaka 66, sasa nina 73.

Kila aliyekuja kunipa pole alinisifu kwamba nina moyo mgumu. Sifa ile ilinifunga mdomo. Ukishaitwa jasiri, unaona haya kusema kwamba usiku hulali, unapapasa tu upande wa pili wa kitanda. Wanangu nao, kwa mapenzi yao, wakaniondolea kazi zote: kufua, kupika, hata kufagia. Kumbe kazi zile ndizo zilizokuwa zikiniamsha asubuhi.

Kisha nikateleza bafuni, nikavunjika mkono wa kulia. Nilikaa na plasta wiki sita. Jirani yangu, mjane mwenzangu, akawa anakuja kila asubuhi kunifunga vifungo vya gauni. Siku ya tatu, amefika kifungo cha mwisho, nikaangua kilio. Hakuniambia nijikaze. Alikaa mpaka nikanyamaza, akaniaga, na kesho yake akaja tena kama kawaida. Mimi niliyejiona sihitaji mtu nikaanza kuisubiri hodi yake.

Baadaye binti yangu, ambaye ni muuguzi, alinisimulia kuhusu wauguzi wawili wa Marekani, Gail Wagnild na Heather Young. Walizungumza na wanawake wazee 24 waliopatwa na pigo kubwa wakasimama tena, na mwaka 1990 wakachapisha waliyoyaona: utulivu wa moyo, kutokata tamaa, kujitegemea, kuona maisha bado yana maana, na kukubali kwamba kuna sehemu ya safari mtu huipita peke yake. Nilimwomba anirudie orodha ile. Kutolia hakumo. Watafiti wa Umeå, Sweden, nao wanaitazama nguvu ya ndani kama uimara unaokwenda pamoja na kunyumbuka na kushikamana na wengine. Kwangu mimi hilo la kushikamana ndilo lililochelewa kuja.

Kwa hiyo usimlazimishe kulia, huenda analia usiku. Mrudishie kazi zake, hata akizifanya polepole. Ila mwangalie anavyokula na anavyolala. Akianza kukonda, au kulalamika maumivu yasiyoisha, au kuacha mambo aliyoyapenda, mpeleke kwa daktari bila kungoja, kwa sababu kwa sisi wazee huzuni nzito mara nyingi hujitokeza mwilini kabla ya machozi.

Na mtaje baba yako mbele yake. Nyumbani kwangu ilipita karibu miezi saba hakuna aliyemtaja mume wangu, kila mmoja akidhani ananihurumia, na mimi nilikuwa natamani kumsikia akitajwa.