Shangazi, mke wangu hali nami tena

"Shikamoo Shangazi. Nina miaka 34, naishi Tanga na mke wangu wa mwaka wa tano. Tumejaliwa mtoto mmoja. Tangu mwaka jana mke wangu hali nami. Ananipakulia na kusema ameshaonja jikoni, na siku akikaa kula, sijanawa mikono ameshaingia bafuni na kufungulia maji. Mikate ya boflo inaisha usiku bila maelezo. Amezua kufunga Jumatatu na Alhamisi. Mkono wake wa kulia una vidonda kwenye vifundo vya vidole, anasema ni moto wa jiko. Mimi naona ananidharau, au yupo hawara anayempenda mwembamba, ingawa mbona hakondi. Mama yangu anasema mkwewe anaumwa, ila mama ni mtu mzima, kwake kila kitu ni ugonjwa. Nimemnunulia hata mizani ya kujipimia, hakushukuru. Zamani nilikuwa nikimtania mbele ya ndugu kwamba nilioa mmoja na sasa wamekuwa wawili, naye alikuwa akicheka, kwa hiyo si mtu wa kununa. Je, nimrudishe kwao?"

Marahaba, mwanangu. Pole kwa kula peke yako, maana sinia la mkono mmoja halinogi. Huruma yangu kwako inaishia hapo. Barua yako nimeisoma mara tatu, na mara zote tatu nimemwona mgonjwa, hawara sijamwona. Mwanamke mwenye mtu nje hujificha anapotoka, ilhali mkeo anajificha anapokula.

Mimi si daktari na barua si kipimo, lakini hayo uliyoyatawanya huku na huko, ukiyakusanya, hospitalini yana jina: bulimia. Mwenye maradhi hayo hula kwa siri chakula kingi kwa muda mfupi, hata kisichomvutia, kama boflo kavu usiku wa manane, huku akiona mkono hausikii tena amri yake. Kisha aibu na hofu ya kunenepa humvamia, akajitapisha, au akanywa sanamaki na dawa za kuharisha, au akajishindisha na njaa siku ya pili ili ailipe ya jana. Mambo hayo yakijirudia angalau mara moja kwa wiki kwa muda wa miezi 3, madaktari hawayaiti tena tabia. Ndiyo maana maji ya bafuni yanafunguliwa: yanazima sauti.

Kuhusu vile vidonda, moto wa jiko huunguza popote unapopata nafasi, hauchagui vifundo vilevile vya mkono uleule. Meno ndiyo yanayochagua, pale vidole vinapoingizwa kooni tena na tena. Daktari Gerald Russell, aliyeueleza ugonjwa huu London mwaka 1979, aliiona alama hiyo mikononi mwa wagonjwa wake, na hadi leo inaitwa kwa jina lake.

Unashangaa kwamba hakondi, na hapo ndipo wengi wanapopotea. Mgonjwa wa bulimia mara nyingi ana uzito wa kawaida, na mashavu yake huweza hata kuvimba, kwa kuwa tezi za mate zinafura kutokana na kutapika, watu wa nyumbani wakasema ameneemeka. Mchunguze mkeo anapokunywa maji ya barafu kama meno hayamwumi, kwa sababu asidi ya tumboni hula ngozi ngumu ya jino. Lakini meno ni jambo dogo. Kutapika huko humwaga potasiamu ya mwilini, nayo ikipungua sana, mapigo ya moyo huvurugika na mtu akaanguka bila kuumwa kichwa hata siku moja. Anayekonda waziwazi ni mwenye anoreksia, yule anayejinyima hadi hedhi inakatika na anatetemeka kwa baridi katika joto la Februari, na bado akitazama kioo anaona mnene. Wapo pia wanaokula kupita kiasi bila kutapika wala kufunga baadaye, na hao tunawaita walafi, ilhali nao wanahitaji tiba.

Najua utaniambia hayo ni maradhi ya Wazungu. Kule visiwa vya Fiji, ambako mwili mnene ulikuwa sifa ya mtu kulishwa vizuri kwao, televisheni iliingia sehemu moja ya vijijini mwaka 1995, na watafiti walipowauliza wasichana wa shule wakati huo, hakuna aliyekiri kujitapisha ili apungue. Waliporudi mwaka 1998, waliokiri walikuwa zaidi ya asilimia 11. Sasa wewe na mkeo hamna televisheni tu, mna simu mbili, na humo kila asubuhi kuna mtu anayeuza chai ya kukata tumbo.

Turudi kwenye ule utani ambao umeuandika mwishoni kana kwamba ulikuwa ukiusahau. Alicheka, unasema. Alitaka afanye nini, mwanangu, alie mbele ya mawifi? Mwili uliokubebea mtoto umeutangaza kwa ndugu kama mzigo uliozidi, kisha ukaununulia mizani na kusubiri shukrani. Diana, aliyeolewa na mrithi wa kiti cha Uingereza, alikiri mbele ya kamera za BBC mwaka 1995 kwamba aliishi na bulimia kwa miaka kadhaa, katika nyumba yenye watumishi wa kila namna. Sisemi utani peke yake huleta ugonjwa, kwani huwa na mizizi mingi, mingine ya kurithi. Ninasema tu kwamba maji uliyamwagia wewe.

Mama yako nampa mkono. Akina mama wakwe hawana sifa nzuri katika safu hii, lakini huyu ameona kwa macho ya utu uzima yale ambayo wewe uliyaona kwa wivu. Waume wa siku hizi wanajua kila nyendo ya simu ya mke, saa aliyoonekana mtandaoni na nani aliyempigia, lakini ukimwuliza mmoja wao mke alikula nini jana, anababaika.

Kumrudisha kwao, hapana. Zungumza naye mchana, mbali na chakula, mtoto akiwa kwa bibi yake. Omba radhi kwa ule utani bila kuongeza neno "lakini". Mwambie umeona anateseka, wala usimwambie umeona anakonda au ananenepa. Usimvizie mlangoni mwa bafu, usihesabu mikate. Funga ya sunna ni ibada na sitaki kusingiziwa kuipinga, ila mgonjwa ameruhusiwa kula hata Ramadhani, na sheikh wenu atamweleza hilo kuliko wewe. Kisha fuatana naye hadi hospitali ya Bombo hapo Tanga, muanze kwa daktari wa kawaida apimwe damu na moyo, na muulizie kitengo cha afya ya akili, kwa kuwa tiba yenyewe hasa ni mazungumzo ya wiki baada ya wiki yanayomrudisha kwenye milo yenye saa zake, na wengine hupewa na dawa. Wengi hupona. Akizimia, akihisi moyo unaruka au akitapika damu, usingoje miadi. Mpeleke saa hiyohiyo.

Ile mizani mpe kijana anayewapima watu uzito pale stendi. Mpe leo, kabla hujaanza mazungumzo.