Akiua kama mkubwa ahukumiwe kama mkubwa?

Mkuu hapo juu umesema dogo akiua kama mkubwa afungwe kama mkubwa, mi sikubaliani. Hasira yako naielewa, hasa kama aliyeuawa ni wa kwenu, ila kumpeleka mtoto wa miaka 14 gereza la Butimba hapa Mwanza akalale na majambazi sugu ni kumpeleka chuo, atatoka amehitimu.

Na sio kwamba sheria yetu inawaachia tu. Chini ya miaka 10 hashtakiwi, 10 hadi 12 lazima ithibitishwe alijua anachofanya ni kosa, halafu Sheria ya Mtoto ya 2009 ndo inamlinda mpaka 18, hafungwi jela ila anaweza kupelekwa shule ya maadilisho kama ile ya Irambo, Mbeya (toka huku kwetu ni mbali kweli, mzazi wa Igoma nauli ya kwenda kumwona ataitoa wapi). Kunyongwa pia hakuna kama alikuwa hajafika 18 alipotenda kosa, hata Marekani wanaowapandisha madogo mahakama za wakubwa walifuta adhabu hiyo ya kifo kwa watoto 2005.

Mi kinachoniudhi ni umri, dogo wa mwaloni (kule mitumbwi inakoshusha samaki) hana cheti cha kuzaliwa, anaandikwa 18 basi keshakuwa mkubwa, wakati mahakama inatakiwa ichunguze. Afu wale wakubwa wanaowatuma kuiba injini za mitumbwi usiku mbona huwataji? Anza na hao kaka, dogo wa darasa la sita mteja wa injini anamjulia wapi