Mzee wa miaka 72 kudaiwa hela hospitali

Dada, umeuliza kama mama wa miaka 72 anapaswa kulipia hospitali ya serikali. Hapa Tanzania, Sera ya Taifa ya Wazee ya 2003 inamtambua mzee kuanzia miaka 60, na asiye na uwezo anatibiwa bure. Hilo la "asiye na uwezo" ndilo linalowakwamisha wengi, maana umri peke yake hautoshi. Anza serikali ya mtaa, wamtambue kwa barua au kitambulisho cha matibabu ya wazee. Kisha, kabla hamjafika dirisha la malipo, mtafuteni afisa ustawi wa jamii wa hospitali. Huyo ndiye anayeshughulikia msamaha; mhasibu kazi yake ni kupokea hela, msibishane naye.

Ila msamaha hauleti dawa ambayo haipo. Za presha na kisukari ndizo zinazosumbua kuliko zote, kwa kuwa ni za kila siku, na zikikosekana utaishia duka la dawa kwa hela yako. Muulizeni daktari kama kuna dawa mbadala iliyopo stoo. Mpe mama shikamoo yangu.