Bata mzinga wa wiki 8: dume au jike?

Ndugu, umeuliza utajuaje dume na jike kwa bata mzinga wako wa wiki 8; kwa umri huo usijisumbue sana, bado ni wadogo. Umesema wale wanaotanua mkia na kuvimba kifua ni madume, lakini wanaweza kukudanganya, maana hata majike wadogo hujitanua hivyo, hasa wakigombana.

Subiri wafike wiki 12 hadi 16, kisha tazama kile kinyama kinachoota juu ya mdomo. Cha dume hunenepa na kurefuka mpaka kining'inie pembeni ya mdomo. Cha jike hubaki kidogo. Dume pia kichwa huwa na manyoya machache, na vinundu vya shingoni huwa vikubwa na vyekundu zaidi. Miguu yake ni minene na mirefu kuliko ya majike wa rika lake.

Kama ni wale wa rangi ya shaba, una bahati: wakishaota manyoya ya utu uzima, ya kifuani kwa jike huwa na ncha nyeupe, ya dume ncha nyeusi. Kwa weupe kipimo hiki hakisaidii kitu.

Ndevu za kifuani zisikupe uhakika, maana huchelewa kutoka na majike wengine huwa nazo. Mimi huamini zaidi sauti: ule mlio wa kugugumia kwa nguvu ni wa dume. Kwa vifaranga wa siku moja, wataalamu huwakagua sehemu ya haja. Usijaribu bila kufundishwa, utawaumiza.